Kuandika Matabaka ya Chokaa na Udongo

Ninyi mnaokaa Kikula na vijiji vya kando ya Likasi mwajua Kakontwe, yalikochimbwa mawe ya chokaa. Wataalamu wa mawe walilitwaa jina hilo, wakaliita tabaka zima la jiwe hilo chokaa ya Kakontwe, hata linapoonekana mbali na mji. Lilifanyika chini ya bahari, zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Mawe mengine ya nchi yetu yalikuwa matope. Baadaye yote yakakunjwa, ndiyo sababu mahali pengine tabaka halikulala kama mkeka, bali limesimama kama ukuta.

Yafaa nini kwa mchoma matofali? Yafaa sana. Mtu akichimba bila kutazama, huchanganya udongo na vipande vya chokaa. Matofali hutoka tanuruni mazuri, lakini yakipata maji ile chokaa iliyochomwa huvimba na kuyapasua. Kuni zimepotea, na jasho pia.

Basi tafuta ukingo wa kijito, au shimo fupi lililochimbwa karibuni. Shimo refu usiliingie, maana kuta zake huanguka bila kupiga hodi. Kwangua uso kwa jembe mpaka udongo mpya uonekane. Shusha kamba yenye fundo kila nusu metri, uandike toka juu kwenda chini: unene, rangi, ugumu, na kama tabaka limelala au limeinama. Kwa mfano:

Santimetri 0 mpaka 40: udongo mweusi, mizizi mingi.
40 mpaka 150: udongo mwekundu, wanata, hauna povu.
150 kwenda chini: jiwe la kijivu, gumu, lina povu.

Povu hilo ndilo shahidi. Kwangua jiwe kwa kisu, utone siki kali au maji ya ndimu juu ya unga wake, utazame karibu sana. Chokaa hutoa mapovu madogo. Udongo mtupu hautoi. Lakini angalia kichuguu! Ndani ya vichuguu vikubwa vya Katanga mna vibonge vyeupe vyenye chokaa. Usiviandike kuwa ni tabaka la jiwe.

Andika palepale shimoni. Anayengoja jioni huandika matabaka ambayo hakuyaona.

Ukiona povu ndani ya udongo wenyewe, usijenge tanuru bado. Tia matofali matatu katika tanuru la jirani, kisha yaloweshe, uyaache siku saba.