Moyo unakwenda mbio, vipimo havioni kitu

Mdogo wangu wa Tandika,

Pole sana. Unatoka nyumbani alfajiri, unashinda dukani Kariakoo chini ya taa, unarudi usiku. Usingizi umekuhama, moyo unakwenda mbio, machozi yako karibu. Umepimwa presha, sukari na malaria, hukukutwa na kitu. Sasa shoga yako wa kazini anasema umerogwa, nawe unaniuliza kama unarukwa na akili.

Hurukwi na akili, wala sioni mkono wa mtu hapa. Ninachokiona ni kile ulichokitaja kwa kupita tu: kwamba ulipokuwa kwenu Lushoto, ukigusa mto umelala.

Kule ulipanda na kushuka vilima kila siku, jua la asubuhi likikupiga usoni. Jua lile lina kazi. Mwanga wa asubuhi ukiingia machoni, ubongo hujua siku imeanza, na usiku hujua saa ya kuachilia homoni ya usingizi. Ukishinda ndani na kulala ukiperuzi simu, mpangilio huo unavurugika.

Miti nayo ina sehemu yake. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha habari za wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliolazwa penye dirisha linalotazama miti waliruhusiwa mapema zaidi, tena walitumia dawa kali za maumivu kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Nao waliiona miti kwa mbali tu, wakiwa kitandani! Na mwaka 2019 watafiti walioangalia watu karibu 20,000 huko Uingereza walikuta kuwa waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki penye mazingira ya asili ndio waliosema zaidi kuwa wana afya njema na wameridhika na maisha. Kwa mkupuo au kidogo kidogo, haikuleta tofauti. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kuwa miti peke yake ndiyo iliyowapa afya, lakini saa mbili kwa wiki unaziweza.

Wanaokwambia urudi Lushoto ukapumzike hawajasema kodi atalipa nani. Usiache kazi. Viwanja vya Mnazi Mmoja viko jirani na dukani kwenu. Muda wa chakula nenda ukakae chini ya mti, simu ikiwa ndani ya mkoba. Ukipata nafasi zaidi, ipo Bustani ya Botaniki karibu na Makumbusho ya Taifa. Jumapili asubuhi nenda Coco Beach kabla watu hawajajaa, utembee mchangani. Mchukue huyo shoga yako. Naye anashinda chini ya taa zilezile. Na hapo unapopanga, omba ruhusa upande mchicha kwenye ndoo kuukuu. Kuumwagilia asubuhi kutakutoa nje.

Ila miti haichukui nafasi ya daktari. Vipimo ulivyofanyiwa vilikuwa vya mwili; hakuna aliyekuuliza habari za moyo wako. Zikipita wiki mbili hali ni ileile, nenda Hospitali ya Temeke, useme wazi kwamba unataka kuonana na mtu wa afya ya akili. Na likikujia wazo la kutamani kufa, usingoje hata siku moja: mwambie mtu wako wa karibu akupeleke hospitali saa hiyohiyo.

Niandikie tena, mdogo wangu, unijulishe usingizi unaendeleaje.