Namba Moja Mpya, Steringi Yule Yule

Huku Ngorongo, Rufiji, kitabu cha katuni kinafika kwa njia tatu: ndani ya begi la mtu aliyeshuka basi la Mloka akitokea Mbagala, ndani ya simu siku ambayo bando na mtandao vimepatana, au chini ya shati la mtoto aliyeazima bila kuomba. Duka la katuni hatuna. Ubishi tunao. Nenda kwa kinyozi jioni yoyote utawakuta vijana wanashindana kama Batman mpya anamweza yule wa zamani, na wengi wanapotea pale pale: hawajui kwamba kila baada ya miaka michache kampuni za Marekani zinafuta ubao na kuanza hesabu upya. Mimi nilianza na majarida ya Sani ya mjomba, nikaangukia kwa Spider-Man, na sijapona mpaka leo. Haya ndiyo ninayowaambia wakinipa nafasi.

1. Namba moja usiiamini

The Amazing Spider-Man ilitoka namba 1 mwaka 1963. Ikatoka tena namba 1 mwaka 1999, 2014, 2015, 2018, 2022 na 2025. Kijana yule yule, buibui yule yule, kazaliwa mara saba, na Shangazi May bado ni bibi wa umri ule ule.

Kisa cha Superman ndicho kinachonichekesha zaidi. Action Comics ilianza naye Juni 1938, ikatembea taratibu hadi toleo la 904. Septemba 2011 wachapishaji wake, DC, wakaanzisha upya majarida 52 kwa mpigo, Action ikarudi namba 1. Ilipofika 52, mwaka 2016, wakajirudi: toleo lililofuata likaandikwa 957, na kwa hesabu hiyo Aprili 2018 wakasherehekea la 1000. Mpelekee karani wa chama cha msingi daftari la namna hiyo msimu wa korosho, uone kama utalala nyumbani.

Sababu ni biashara tu. Namba 1 inanunuliwa na mgeni anayeogopa kudandia gari njiani, na inanunuliwa na mkusanyaji anayedhani siku moja itamjengea nyumba. Wewe ichukulie kama kituo cha basi: hapa unaruhusiwa kupanda. Gari lenyewe limetoka mbali, waliomo ndani wanajuana na wanateta. Tulia kurasa kumi za kwanza, utawajua na wewe.

2. Tazama mkono, joho liache

Kabla hujauliza shujaa gani, uliza nani kaandika na nani kachora. Jalada linasema, kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma.

Tuliolelewa na Sani tulijifunza hili bila kufundishwa. Jarida lenyewe limebeba majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo: Sa na Ni. Wengi wa wahusika wake walitoka kwenye kalamu ya Philip Ndunguru, akina Lodilofa, Pimbi na Ndumilakuwili. Alipofariki, katika miaka ya 1980, wahusika hawakuzikwa naye. Wakashikwa na wachoraji wengine. Nilikuwa nayatandika matoleo ya mjomba juu ya mkeka na kuyapanga, si kwa tarehe, kwa mkono. Jina juu ya ukurasa ni lile lile, lakini mstari ukibadilika hata mzaha unachekesha kwingine. Mjomba alikuwa anakuta nimemvurugia mpangilio wake wote.

Kwa kipimo hicho, Absolute Batman iliyoanza Oktoba 2024 ni ya kukimbilia. Scott Snyder alimwandika Batman wa kawaida kwa miaka, kwa hiyo anajua cha kumnyang'anya. Kamnyang'anya hela. Bruce Wayne wa safari hii ni mhandisi, mtoto wa mwalimu, hana jumba la kifahari, na mama yake yu hai. Nick Dragotta kamchora mpana kama mbuyu, na ile nembo ya popo ya kifuani inachomoka ikawa shoka. Shoka! Kitu ambacho kila nyumba hapa inacho nyuma ya mlango. Batman tajiri nilikuwa namheshimu kama ninavyomheshimu mbunge, kwa mbali. Huyu naweza kumwomba anipasulie kuni.

Ultimate Spider-Man ya Januari 2024 nayo ni ya mikono mizuri, Jonathan Hickman kwenye maneno na Marco Checchetto kwenye picha. Humo Peter Parker anapata nguvu akiwa tayari ni baba wa watoto wawili. Kwa mara ya kwanza nikasoma shujaa ambaye kabla ya kutoka usiku inabidi amwambie mkewe anakwenda wapi.

3. Kifo cha steringi ni likizo

Superman aliuawa katika toleo la 75 lililotoka Novemba 1992. Mwaka uliofuata karudi. Usilie, usifunge, usimpigie mtu simu.

4. Ukikuta jina la kwetu, simama

Mwaka 1975 Len Wein na Dave Cockrum walimleta Storm, mwanamke anayeamuru radi na mvua, katika Giant-Size X-Men namba 1. Mama yake ni Mkenya, na jina lake la nyumbani ni Ororo. Wasomaji wa Marekani wanaambiwa maana yake ni uzuri. Msomaji wa Pwani hahitaji kuambiwa kitu: mkate mwororo, ngozi nyororo, sauti nyororo. Mwenye kuangusha radi anaitwa Laini. Sijui kama walikusudia, ila ni mzaha mzuri kuliko mingi waliyoikusudia.

Lakini nenda na ramani. Katika vitabu hivyo Serengeti na Kilimanjaro zinatajwa kama nyumbani kwa Ororo, na papo hapo nyumbani huko kunaitwa Kenya. Siku nilipowasomea vijana kwa kinyozi, mmoja aliyefanya kazi ya kubeba mizigo ya wageni mlimani alikasirika kweli, akataka kujua barua ya malalamiko inaandikwa kwa nani. Kosa hilo lina umri wa karibu nusu karne, nikamwambia, na wahusika wengi wameshastaafu.

Habari njema ni kwamba Oktoba 2024 Storm alipewa jarida lake upya, na mwandishi safari hii ni Mnaijeria, Murewa Ayodele, mchoraji akiwa Lucas Werneck. Anza hapo. Ororo wa Ayodele ana ukubwa wa mtu aliyewahi kuabudiwa; hapigwi picha akiwa nyuma ya wanaume sita kama zamani.

Black Panther anajulikana, sina haja ya kumtangaza. Alitoka Julai 1966 katika Fantastic Four namba 52, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Filamu ya 2018 ilipofika kwenye kibanda umiza, wakubwa wa nchi yake ya Wakanda walikuwa wanasema Kixhosa na sisi tunasoma midomo, mpaka likatajwa kabila la Jabari. Kibanda kizima kiligeuka kutazamana. Jabari tunao mtaani, mmoja anauza kambale.

5. Mpende mapema, kabla hawajambadilisha

Hili bado linaniuma. Mwaka 2011, katika mfululizo wa Batman Incorporated, akatokea Batwing: David Zavimbe, Mkongo, aliyebebeshwa bunduki utotoni, akakua akawa polisi mchana na popo usiku. Septemba mwaka huo, katika yale majarida 52 mapya, akapewa lake. Judd Winick aliandika, Ben Oliver alichora kwa rangi zile za jasho na vumbi ambazo sikutegemea kuziona kwenye katuni ya Marekani. Mji wenyewe, Tinasha, ni wa kubuni, lakini foleni zake tunazifahamu.

Kwa Zavimbe ilifika toleo la 18 tu. Kuanzia la 19, mwaka 2013, vazi likahamia kwa Luke Fox, Mmarekani, mtoto wa mtu tajiri. Kuna wanaosema Luke naye anasomeka. Anasomeka. Mimi nilifunga.

6. Usinunue kwa toleo moja moja

Toleo moja lina kurasa ishirini na kitu na linauzwa dola 4 hadi 5, yaani shilingi 10,000 hivi na zaidi, kabla ya gharama ya kulifikisha. Unalimaliza kabla chai haijapoa. Subiri kitabu kilichokusanya matoleo matano au sita. Kinatoka baadaye, kina mwanzo na pa kupumzikia, na kinahimili kuazimwa. Mwenye simu nzuri na kadi ya kulipia nje anaweza kujiunga na Marvel Unlimited, maktaba ya mtandaoni ya wachapishaji wa Spider-Man, ambako matoleo huingia takriban miezi mitatu baada ya karatasi. Miezi mitatu si kitu. Wasomaji wa magazeti ya juzi tumekuwepo muda mrefu.

Ukinunua vya mtumba, hesabu kurasa ukiwa bado umesimama mbele ya meza. Niliwahi kulipa bila kufungua, nikapanda gari, nikasoma hadi Kibiti, na pale Spider-Man anapoivua barakoa ya adui wake ukurasa wa mwisho ukawa umeng'olewa. Mtu alifungia karanga.

7. Shujaa si lazima aruke

Wakati wengine wanasubiri Jumatano, siku ambayo katuni mpya huingia madukani Marekani, Nairobi walianza Shujaaz Februari 2010, ikagawiwa bure, kwa Sheng, ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa. Steringi wake ni Boyie, kijana asiye na ajira mwenye redio ya kificho chumbani. Nguvu yake ni maarifa: kifaranga anapakwa rangi ili ndege mwindaji asimchukue, mambo ya namna hiyo. Ikashinda tuzo ya kimataifa ya Emmy, ikavuka mpaka, na huku kwetu akaja DJ Tee. Mama yangu, anayemwona Superman kama mtu aliyesahau kuvaa suruali, alisoma habari za kuku mara mbili.

8. Rufiji imo, ila shika kichwa

Mwitaliano Hugo Pratt, aliyeishi Ethiopia utotoni, alimchora baharia Corto Maltese, na katika miaka ya 1970 akamleta huku. Hadithi moja katika kitabu chake kinachoitwa kwa Kifaransa Les Éthiopiques inahusu watu-chui wa Rufiji, kundi la siri linalohukumu na kuua. Corto si shujaa wa joho, lakini kuliona jina la mto wako ndani ya kibox cha katuni ya Ulaya ni raha isiyoelezeka. Michoro yake ya wino mweusi ni ya kukodolea macho. Habari zenyewe sasa! Chui wa kwetu wanakula mbuzi, hawakai vikao. Na hapo hapo delta palikuwa na manowari ya kweli, Königsberg ya Wajerumani, iliyojificha kwenye mikoko hadi ilipoangamizwa Julai 1915. Hiyo haihitaji kuongezewa chumvi.

9. Ndoo ya rangi

Si sanduku, si gunia, si juu ya kabati. Ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko, iliyooshwa ikakauka. Mchwa haingii, mvua haiingii, na maji ya mto yakija kama yalivyokuja Aprili 2024 unaibeba kwa mkono mmoja. Weka mkaa kidogo ndani ya kitambaa unyonye unyevu. Wakati wa kulinda mpunga mimi napanda nayo kwenye dungu: unasoma kurasa mbili, unapiga kelele ndege waruke, unasoma mbili nyingine. Ni mwendo mzuri kwa katuni, kwa sababu kila ukiinua macho unarudi ukiwa umesahau kidogo tu.

10. Waachie watoto biro

Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyotoka 1969, alimchukua Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yule wa maji ya dawa yaliyosemwa kuwa yatageuza risasi kuwa maji, ambaye Wajerumani walimnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Akampa mashaka ndani ya moyo, akamfanya wa kwake, hata herufi ya jina ikabadilika. DC wangesema kaanzishwa upya.

Mpwa wangu wa darasa la tano kasikia habari hizo shuleni, naye kaanza yake, kwa biro ya bluu, nyuma ya daftari la hesabu. Shujaa ana kanzu, ana mtumbwi, risasi zikimgusa zinakuwa vyura. Nikamuuliza mbona vyura. Akasema maji yalishatumika. Kwenye jalada kaandika namba 7. Nikamuuliza sita za mwanzo ziko wapi, akaniangalia kama mtu asiyejua kusoma, akasema hizo atazichora mtihani ukiisha.