Kutoka Rununu hadi Kipakatalishi: Uhamishaji wa Rekodi za Fasihi Simulizi kwa Bluetooth katika Mfumo wa Linux, kwa Kurejelea Thika na Ruiru

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mwanafunzi wa fasihi simulizi anavyoweza kuhamisha rekodi za sauti kutoka kwenye simu ya mkononi hadi kwenye kipakatalishi kinachoendeshwa na mfumo wa Linux kwa kutumia Bluetooth. Mazingira yanayorejelewa ni miji ya Thika na Ruiru nchini Kenya. Hoja zinazojengwa ni mbili. Kwanza, uhamishaji huu ni sehemu ya mbinu za utafiti wala si kazi ya kuachiwa fundi, kwa kuwa ubora wa sauti na siri ya msimulizi hutegemea namna unavyofanywa. Pili, hatua zake zote zinaelezeka kwa Kiswahili, na mnyambuliko wa vitenzi vyetu unatupa nyenzo za kutenganisha dhana ambazo watumiaji wengi huzichanganya.

1.0 Utangulizi

Miji ya Thika na Ruiru imo katika Kaunti ya Kiambu, kando ya barabara kuu itokayo Nairobi. Katikati yake upo Juja, penye Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Eneo hili lilijengwa juu ya kahawa, mananasi, katani na viwanda. Jina la Ruiru limeingia hata katika istilahi za kilimo kwa sababu ya aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa na kituo cha utafiti wa kahawa cha hapo mwaka 1985. Mashamba na viwanda hivyo viliwavuta wafanyakazi wa jamii mbalimbali. Matokeo yake ni kwamba Kigikuyu, Kikamba, Kiswahili na Sheng husikika katika stendi moja ya matatu, na wakati mwingine katika sentensi moja.

Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, hii ni hazina, lakini ni hazina inayopungua. Baadhi ya mashamba ya kahawa ya Ruiru yamegeuzwa kuwa makazi na miji mipya. Tatu City ni mfano ulio wazi. Mkahawa ukishang'olewa, wimbo wa kuchuma kahawa hupoteza mahali pa kuimbiwa. Wanaoukumbuka ni wazee. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alisisitiza kwamba utendaji ndio uhai wa utanzu huu. Basi rekodi ya sauti si kiambatisho cha tasnifu, bali ni ushahidi wa karibu zaidi wa utendaji tulio nao. Ikipotea au ikiharibika, si rahisi kumrudia mzee na kumwomba aimbe vilevile alivyoimba.

Wanafunzi wengi hurekodi kwa simu. Wengine hutumia vipakatalishi vyenye Linux, ambao ni mfumo huria usiohitaji kununuliwa na ambao hufanya kazi vizuri hata katika mashine kuukuu. Swali la makala haya ni dogo lakini la lazima: sauti itatokaje kwenye simu na kufika kwenye kipakatalishi ikiwa salama?

2.0 Istilahi za Msingi

Kabla ya hatua, ni vyema istilahi zifafanuliwe. Nchini Kenya neno tarakilishi limeenea shuleni kwa maana ya kompyuta. Kutokana nalo limeundwa kipakatalishi, kwa kuliunganisha na kitenzi pakata. Mama humpakata mtoto, na msomi huipakata mashine yake. Kwa upande wa simu, rununu, simu ya mkononi na simutamba hushindana bila mshindi wa wazi. Makala haya yanatumia rununu na simu kwa maana moja.

Linux ni kiini cha mfumo wa uendeshaji kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Juu ya kiini hicho hujengwa matoleo mbalimbali. Toleo linalojulikana zaidi kwa wanafunzi ni Ubuntu, lililotoka kwa mara ya kwanza mwezi Oktoba mwaka 2004. Jina hilo ni la Kibantu, na msomaji wa Kiswahili atatambua mara moja undugu wake na neno letu utu.

Bluetooth ni teknolojia ya mawasiliano ya redio ya masafa mafupi. Jina lake lilipendekezwa na Jim Kardach wa kampuni ya Intel mwaka 1997, kutokana na lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, anayekumbukwa kwa kuunganisha watu waliogawanyika. Mawimbi yake yako katika masafa ya gigahezi 2.4, ambayo pia hutumiwa na Wi-Fi. Ili kuepuka kugongana, Bluetooth ya kawaida huhama kutoka mkondo mmoja hadi mwingine mara 1,600 kwa sekunde, ikitumia mikondo 79. Kwa simu nyingi, umbali wa kutegemewa ni mita 10 hivi.

Istilahi zinazoleta utata zaidi ni za vitendo. Watumiaji wengi husema "nimeunganisha" wakimaanisha mambo matatu tofauti. Hapa sarufi yetu inatusaidia:

(a) Kuoanisha. Kutokana na oa tunapata oana, kisha oanisha. Kauli ya kutendana hufuatwa na ya kutendesha. Maana yake ni kuvifanya vifaa viwili vitambuane na kuaminiana. Tendo hili hufanywa mara moja, na athari yake hudumu. Simu za Android zenye menyu ya Kiswahili hutumia neno hili hili.

(b) Kuunganisha. Kutokana na unga tunapata ungana, kisha unganisha. Ni kufungua njia ya mawasiliano kwa wakati huo. Vifaa vilivyooanishwa vinaweza kuungana na kutengana mara nyingi bila kuoanishwa upya.

(c) Kuhamisha. Ni kuipitisha faili katika njia iliyofunguliwa. Faili asilia hubaki kwenye simu, hivyo kwa hakika tunachohamisha ni nakala.

Ni dhahiri kwamba maumbo ya (a) na (b) yana mofimu zilezile za -an- na -ish-, ingawa dhana ni mbili. Anayezichanganya atatafuta kosa mahali lisipo: atafuta uoanishaji na kuanza upya, ilhali alichohitaji ni kuunganisha tu.

3.0 Sauti Kabla ya Kuhamishwa

Uhamishaji hauwezi kurudisha kilichopotea wakati wa kurekodi. Programu nyingine za simu huhifadhi sauti kwa muundo wa AMR, uliobuniwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu. Katika aina yake ya kawaida, muundo huu huchukua sampuli 8,000 kwa sekunde, hivyo hauwezi kubeba masafa yanayozidi hezi 4,000. Sehemu kubwa ya nguvu ya konsonanti /s/ iko juu ya kiwango hicho. Athari yake kwa mwanafunzi wa Kiswahili si ndogo. Katika rekodi ya namna hiyo, thamani na samani zinaweza kusikika karibu sawa, na mnukuzi akalazimika kukisia. Katika kitendawili au methali, neno moja likikisiwa, fumbo zima huharibika.

Inapendekezwa sauti irekodiwe kwa muundo wa WAV, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, mkondo mmoja. Rekodi hiyo huchukua takriban megabaiti 5.3 kwa dakika. Masimulizi ya nusu saa yatafikia takriban megabaiti 159. Kwa kasi halisi ya megabiti 2 kwa sekunde, na kwa kuwa baiti 1 ni biti 8, uhamishaji utachukua dakika 10 au 11. Mtafiti anayelijua hili hatakata tamaa dakika ya nne akidhani mashine imekwama.

Waya wa USB una kasi zaidi, na anayeupata autumie. Faida za Bluetooth ni kwamba haihitaji waya, haitumii data ya kununua, na haiibani faili upya kama zinavyoweza kufanya baadhi ya programu za ujumbe kwa rekodi za sauti. Aidha, sauti haipiti katika seva ya mtu mwingine. Hoja hii ya mwisho itarejelewa katika sehemu ya 5.0.

4.0 Hatua za Uhamishaji

Mfumo wa Linux hushughulikia Bluetooth kwa programu iitwayo BlueZ, ambayo imekuwa sehemu ya kiini hicho tangu mwaka 2001. Mtumiaji anaweza kutumia dirisha la mipangilio au kuandika amri. Njia ya amri inaelezwa hapa kwa sababu ni ileile katika matoleo mengi, na kwa sababu inaonyesha kila hatua peke yake.

Utaratibu wenyewe unafanana na desturi ya hodi. Mgeni hubisha, mwenyeji huuliza ni nani, mgeni hujitambulisha, ndipo hukaribishwa. Mgeni asiyejibiwa hurudi alikotoka.

Hatua ya kwanza: Washa Bluetooth kwenye simu na uache ukurasa wake wa mipangilio wazi ili simu ionekane. Kwenye kipakatalishi, fungua dirisha la amri na uandike:

bluetoothctl
power on
discoverable on
scan on

Amri ya tatu hukifanya kipakatalishi kionekane, kwa kawaida kwa dakika 3 tu. Ya nne huanza kutafuta vifaa vilivyo karibu. Kila kifaa huonyeshwa kwa jina na anwani yenye jozi 6 za tarakimu na herufi. Ikiwa amri ya pili imekataliwa, huenda redio imefungwa; toka kwa amri ya exit, andika rfkill unblock bluetooth, kisha uanze tena.

Hatua ya pili: Oanisha, ukiandika anwani ya simu yako mahali pa mfano huu:

pair 00:11:22:33:44:55

Namba ya tarakimu 6 itatokea kwenye vifaa vyote viwili. Zilinganishe. Zikiwa sawa, kubali pande zote mbili, zikitofautiana, kataa. Utaratibu huu ulikuja na Bluetooth 2.1 mwaka 2007, na lengo lake ni kumzuia mtu wa tatu asijipenyeze katikati. Katika bweni lenye simu kadhaa zenye jina moja, ulinganishaji huu pia huthibitisha kuwa umeoanisha simu uliyoikusudia.

Hatua ya tatu: Andika trust ikifuatiwa na anwani ileile, ili kipakatalishi kisiulize tena siku nyingine.

Hatua ya nne: Katika mazingira ya GNOME, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye Ubuntu, fungua ukurasa wa Bluetooth katika mipangilio na uuache wazi, kwa kuwa mafaili hupokewa ukurasa huo ukiwa wazi. Kwenye simu, chagua rekodi, bonyeza kushiriki, chagua Bluetooth, kisha jina la kipakatalishi. Faili itaingia katika kabrasha la vipakuliwa. Ieleweke kuwa simu za iPhone hazitumi mafaili kwa njia hii. Mwenye nayo atahitaji njia nyingine, kama vile waya.

Hatua ya tano: Linganisha ukubwa wa nakala na wa faili asilia. Sikiliza mwanzo, katikati na mwisho. Kisha ipe jina linaloeleza mwaka, mwezi, siku, mahali na utanzu, na utengeneze nakala ya pili kwenye diski nyingine. Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, hivyo Ruiru.wav na ruiru.wav ni mafaili mawili. Usifute chochote kwenye simu kabla ya hatua hii kukamilika.

5.0 Siri na Idhini ya Msimulizi

Sauti humtambulisha mwenyewe. Mfanyakazi anayeimba wimbo wa kumkejeli msimamizi, au mzee anayesimulia mgogoro wa ardhi, amemwamini mtafiti kwa jambo linaloweza kumdhuru. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nchini Kenya inalinda taarifa zinazomtambulisha mtu. Vilevile, sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni inazipa jamii haki juu ya nyimbo, masimulizi na vitendawili vyao. Idhini basi haina budi kuombwa kabla ya kurekodi, na ieleze rekodi itahifadhiwa wapi na nani ataisikiliza.

Bluetooth humsaidia mtafiti kutimiza ahadi hiyo, ila kwa masharti. Simu isiachwe ikionekana kwa kila mtu, na ombi la kuoanisha kutoka kwa kifaa kisichojulikana likataliwe. Ikiwa simu ni ya kuazima, haitoshi kutenganisha. Uoanishaji wenyewe utenguliwe kwa amri ya remove na anwani ya simu, na rekodi zifutwe kwenye simu kabla ya kurudishwa. Tofauti ya istilahi iliyofafanuliwa katika 2.0 hapa inageuka kuwa tofauti ya kimaadili: vifaa vilivyotengana bado vimeoana.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kuoanisha, kuunganisha na kuhamisha ni vitendo vitatu, na kwamba mtafiti anayevitofautisha huokoa muda, sauti na heshima ya msimulizi wake. Yameonyesha pia kuwa Kiswahili hakikukwama popote isipokuwa kwenye amri zenyewe, ambazo bado ni za Kiingereza. Hilo nalo halipaswi kutushangaza wala kutukatisha tamaa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na kuthibitisha kuwa programu huria zinaweza kutafsiriwa na wenye lugha wenyewe bila kungoja ruhusa ya kampuni.

Inapendekezwa kwamba kozi za mbinu za utafiti wa fasihi simulizi ziwe na angalau kipindi kimoja cha vitendo kuhusu kurekodi na kuhifadhi sauti. Kwamba vyama vya wanafunzi vikusanye istilahi za shughuli hii na kuzijadili. Na kwamba idara ziwe na hazina ya rekodi inayolindwa. Wanafunzi wa Thika na Ruiru wana sababu ya kuanza mapema, kwa sababu waimbaji wa mashamba ya kahawa wanazidi kupungua pamoja na mashamba yenyewe.