Mazoezi ya Mzazi na Uchangamfu wa Mtoto

Mtoto anapoletwa kliniki akiwa na uzito uliozidi, ushauri mwingi humlenga yeye peke yake: apunguze vitamu, acheze zaidi, asikae mno mbele ya runinga. Ushauri huo ni sahihi, lakini haujakamilika. Mtoto wa miaka mitano hajipangii siku yake. Hupangiwa na watu wazima anaoishi nao. Kwa sababu hiyo, mazoea ya mzazi yanastahili kuulizwa pamoja na ya mtoto.

Tafiti zinaonyesha nini?

Mwaka 1991 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Framingham, nchini Marekani. Watoto wapatao 100 wenye umri wa miaka 4 hadi 7, pamoja na wazazi wao, walivaa kifaa cha kupima mwendo wa mwili. Ilibainika kuwa mtoto ambaye mama yake alikuwa mchangamfu alikuwa na uwezekano mara 2 zaidi wa kuwa mchangamfu, akilinganishwa na mtoto wa mama asiye mchangamfu. Kwa upande wa baba, uwezekano ulikuwa mara 3.5, na wazazi wote wawili walipokuwa wachangamfu, ulifikia mara 5.8. Utafiti mwingine wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2014, uliwapima akina mama 554 na watoto wao wa miaka minne. Nao ulionyesha kuwa kadiri mama alivyojishughulisha, ndivyo na mtoto alivyojishughulisha.

Hata hivyo, uhusiano si lazima uwe chanzo. Mzazi na mtoto hurithishana maumbile na huishi katika mtaa mmoja, wenye uwanja au usio nao. Tena, mtoto mtundu huweza kumfanya mama asitulie.

Mzazi humwathiri mtoto kwa njia zipi?

Njia ya kwanza ni mfano: mtoto huiga anachokiona kila siku. Ya pili ni kushiriki pamoja, kama vile kutembea, kulima bustani au kucheza mpira. Ya tatu ni msaada: kumruhusu mtoto acheze, kumtafutia mahali salama, kumpeleka uwanjani na kumsifu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa msaada wa mzazi una uhusiano mkubwa zaidi na uchangamfu wa mtoto kuliko mfano pekee. Jambo hili lina uzito kwa mzazi mwenye ulemavu, mwenye maumivu ya magoti au anayerudi kazini usiku akiwa hoi. Asiyeweza kukimbia na mwanawe bado anaweza kumfungulia mlango akacheze rede au kuruka kamba na wenzake.

Kiasi gani kinatosha?

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 3 na 4 wapate angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa siku, na wale wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku za shughuli zinazoongeza mapigo ya moyo. Mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa wiki. Kwa takwimu za mwaka 2016, asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawakufikia kiwango chao. Si lazima kulipia ukumbi wa mazoezi: kwenda sokoni kwa miguu, kuchota maji na kulima ni shughuli za mwili.

Kwa mhudumu wa afya

Muulize mzazi maswali mawili: "Wewe mwenyewe hujishughulisha vipi?" na "Mtoto huchezea wapi, na nani?" Uliza bila kulaumu, kwani mzazi aliyeaibishwa huenda asirudi. Kisha chagueni pamoja badiliko moja linalowezekana, kwa mfano kumsindikiza mtoto shuleni kwa miguu badala ya kumpakia bodaboda, ikiwa njia ni salama.

Kwa mzazi

Anza kidogo, na ufanye mara kwa mara. Ikiwa una maradhi ya moyo, kisukari au shinikizo la juu la damu, zungumza na mhudumu wa afya kabla ya kuanza mazoezi mazito. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Malezi hayo ni pamoja na miguu yake.