Jua Haki Zako: Simu na Barua kwa Kampuni ya Kadi ya Mkopo Nchini Marekani

Mteja wa kadi ya mkopo nchini Marekani analindwa na Sheria ya Ukweli katika Ukopeshaji ya mwaka 1968, ambayo mwaka 1974 iliongezewa sehemu inayohusu makosa ya bili. Sheria hiyo haimbagui mgeni. Mkimbizi kutoka Kongo aliyepata kadi yake ya kwanza mwaka huu ana haki ileile aliyo nayo mzaliwa wa Ohio. Ila haki hizo zina muda wake, na anayechelewa huzikosa hata kama ana ukweli wote mkononi.

Kadi ikipotea au kuibwa, kinachotakiwa ni simu, tena papo hapo. Namba huandikwa nyuma ya kadi, na kadi ikiibwa namba nayo imekwenda. Ni vyema iandikwe pembeni mapema, ingawa hupatikana pia kwenye bili. Mwizi akitumia kadi kabla ya taarifa kutolewa, mwenye kadi hawezi kudaiwa zaidi ya dola 50. Akiitumia baada ya taarifa, mwenye kadi hadaiwi kitu. Na ikiwa kilichoibwa ni namba tu, kadi yenyewe iko mfukoni, hadaiwi hata senti moja.

Jambo moja huleta ugomvi majumbani. Anayempa ndugu kadi akanunue chakula, naye ndugu akanunua na simu, hatahesabiwa kuwa ameibiwa. Sheria humchukulia aliyekabidhiwa kadi kuwa ameruhusiwa, na deni hubaki kwa mwenye kadi mpaka aiarifu kampuni kwamba mtu huyo haruhusiwi tena.

Kadi ya benki inayokata pesa moja kwa moja kwenye akaunti ina sheria yake, na ni kali zaidi kwa mteja. Akitoa taarifa ndani ya siku 2 za kazi tangu ajue kadi imepotea, hasara yake haizidi dola 50. Akichelewa, inaweza kufika dola 500. Zikipita siku 60 tangu atumiwe taarifa ya akaunti yenye wizi huo naye yuko kimya, pesa zitakazoibwa baada ya hapo huenda asirudishiwe kabisa.

Makosa ya bili hayamalizwi kwa simu. Makosa yenyewe ni kama kutozwa mara mbili kwa kitu kimoja, kiasi kisicho sahihi, bidhaa iliyolipiwa isifike, malipo yaliyofanywa yasionekane, au bili kutumwa kwenye anwani ya zamani ilhali mteja alikwisha kutoa anwani mpya kwa maandishi siku 20 kabla ya kipindi cha bili kuisha. Hapa ndipo wengi hupoteza haki yao: hupiga simu, huahidiwa kwa upole kwamba suala linashughulikiwa, kisha hungoja. Simu hiyo peke yake haimlindi mtu. Sheria inataka maandishi, na yafike kwa kampuni ndani ya siku 60 tangu bili ya kwanza yenye kosa ilipotumwa. Bili iliyotumwa tarehe 3 Machi, barua iwe imefika ifikapo tarehe 2 Mei.

Barua hupelekwa kwenye anwani ya maulizo ya bili iliyochapishwa kwenye bili, ambayo mara nyingi si ile ya kupelekea malipo. Maneno machache yanatosha: jina, namba ya akaunti, kiasi kinachopingwa, tarehe, na sababu. Kwa mfano: “Tarehe 11 Februari nilitozwa dola 84 mara mbili kwa tairi moja. Naomba kiasi cha pili kiondolewe.” Huambatanishwa nakala ya risiti, kamwe si risiti halisi, na barua hutumwa kwa njia inayorudisha sahihi ya aliyeipokea. Njia ya mtandao hukubalika pale kampuni ilipotamka kwenye bili kwamba inaikubali.

Kampuni ikishapokea barua ina siku 30 za kukiri kwamba imeipata, na lazima imalize uchunguzi ndani ya vipindi viwili vya bili, visivyozidi siku 90. Katika muda huo mteja anaweza kuzuia kiasi anachokipinga pamoja na riba yake, lakini sehemu nyingine ya bili lazima ailipe kwa wakati. Kampuni hairuhusiwi kumripoti kuwa mdaiwa sugu kwa kiasi hicho. Isipofuata utaratibu huu, hupoteza haki ya kudai hadi dola 50 za kiasi hicho, hata ikionekana baadaye kwamba bili ilikuwa sahihi.

Bidhaa iliyofika ikiwa mbovu ni suala jingine. Mteja aanze na muuzaji, na akikwama ndipo apinge deni ambalo bado hajalilipa. Kwa kawaida bei iwe imezidi dola 50, na ununuzi uwe umefanyika katika jimbo lake au ndani ya maili 100 kutoka nyumbani kwake.

Aliyepoteza kazi na kuona hataweza kulipa apige simu kabla ya tarehe ya mwisho. Sheria hailazimishi kampuni kumpunguzia, lakini nyingi husikiliza zaidi mapema kuliko baada ya deni kuchelewa.

Kampuni ikikataa kutimiza inayotakiwa na sheria, malalamiko hupelekwa CFPB, taasisi ya serikali kuu ya kulinda wateja wa huduma za fedha, au kwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Mahakama nayo iko wazi, na mteja akishinda kampuni hulipa gharama za wakili wake. Kesi hiyo hufunguliwa ndani ya mwaka 1 tangu kampuni ilipovunja sheria.