Kisamvu cha Mpira: Mboga ya Kudumu Bustanini

Mchicha ni mboga ya haraka. Mbegu zake zikisiwa mvua zinapoanza, mwenye bustani huanza kuvuna baada ya majuma matatu au manne. Lakini mmea huo hauishi muda mrefu. Ukishatoa mbegu hufa, na kazi ya kulima, kutia samadi, kusia na kumwagilia maji huanza upya. Mvua zinapokoma na maji ya kisima kupungua, matuta ya mchicha hubaki matupu, na ndipo familia nyingi zinapokula ugali bila mboga ya majani. Kasoro hiyo aghalabu si ya mkulima, bali ni ya aina ya mmea alioutegemea.

Mmea wa kudumu huishi kwa mpango mwingine. Chakula kinachotengenezwa na majani kwa nguvu ya jua hakitumiki chote kukuza maua na mbegu. Sehemu yake hugeuzwa kuwa wanga na kuwekwa akiba katika shina na mizizi. Jani likichumwa, akiba hiyo ndiyo inayolisha chipukizi, kabla chipukizi lenyewe halijaweza kujitengenezea chakula. Tena mizizi ya mmea huo, kwa kuwa haianzi upya kila msimu, hufika chini kwenye unyevu usiofikiwa na mizizi ya mchicha. Bustani za Afrika Mashariki zina mimea kadhaa ya namna hii, kama mlonge, matembele na muhogo. Mmoja unaostahili kuangaliwa kwa makini ni jamaa wa muhogo, ambao katika sehemu nyingi za Tanzania huitwa mpira, na mboga yake kisamvu cha mpira.

Jina hilo lina asili yake. Mti huo, ambao wanabotania huuita Manihot glaziovii, unatoka Ceará, kaskazini-mashariki ya Brazili. Uliletwa wakati wa utawala wa Wajerumani, si kwa ajili ya majani, bali kwa ajili ya utomvu wake mweupe ambao ukigandishwa huwa mpira. Mashamba makubwa yalipandwa, hasa upande wa Tanga. Mwaka 1913 bei ya mpira ilianguka, kwa kuwa mashamba ya Malaya na Ceylon yalikuwa yakitoa kwa wingi mpira wa mti mwingine, Hevea. Biashara ikafa, lakini mti haukufa. Kwa kuwa huchavushana kwa urahisi na muhogo wa kawaida, mingi ya miti ya mpira inayoonekana leo nyuani mwa nyumba ni machotara wa jamaa hao wawili. Huko Amani, katika milima ya Usambara, H. H. Storey na wenzake waliitumia tabia hiyo kwa makusudi kuanzia miaka ya 1930, wakitafuta muhogo unaostahimili magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Mbegu za kazi hiyo zilifika hata Nigeria, na wazao wake wakawa msingi wa aina bora za muhogo zilizozalishwa Ibadan miaka ya 1970.

Upandaji wake si mgumu. Hukatwa kipande cha shina lililokomaa, chenye urefu wa sentimita 30 hivi na macho kadhaa, kikapandwa kwa kuinamishwa mvua zinapoanza, macho yakielekea juu. Miti miwili au mitatu yatosha nyumba moja, ikiachana mita mbili. Mti ukiachwa hurefuka hadi majani yasifikiwe kwa mkono. Kwa hiyo hukatwa kilele katika kimo cha mita moja hivi ili utoe matawi mengi. Maji yaliyooshea vyombo, yakimwagwa shinani wakati wa kiangazi, husaidia sana, kwani katika ukame mkali mti huu nao hupukutisha majani. Hapana budi shina la kupanda litoke kwenye mti usio na mabaka ya manjano wala majani yaliyojikunja. Hili ni jambo linalosahauliwa mara kwa mara: mti unaodumu hudumisha pia ugonjwa wake, na inzi weupe wanaweza kuuchukua kutoka uani hadi shamba la muhogo la jirani.

Uchumaji nao una kanuni yake. Jani changa ndilo tamu, lakini jani lililokomaa ndilo linalolisha mti. Anayechuma yote kwa siku moja hulazimisha mti kula akiba yake, na akirudia hivyo mara nyingi akiba huisha. Ni afadhali kuchuma majani machache ya kilele katika kila tawi, na kuyaacha ya chini.

Faida ya mboga hii katika lishe ni kubwa. Katika kila gramu 100 za majani makavu ya muhogo, gramu 20 hadi 30 ni protini. Lakini majani hayo mabichi yana sumu, na hapa ndipo elimu ya kemia inapoingia jikoni. Ndani ya chembe hai za jani mna kitu kiitwacho linamarini, na katika kuta za chembe hizo mna kimeng'enya kiitwacho linamaraze. Jani likiwa zima, viwili hivyo havikutani. Likipondwa hukutana, linamarini huvunjika, na hatimaye hutoka haidrojeni sianidi, sumu inayoweza kuua. Mbuzi aliyeingia bustanini akala majani mabichi kwa wingi anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Kwa nini basi mlaji wa kisamvu hadhuriki? Jibu limo katika kinu. Haidrojeni sianidi huchemka katika joto la nyuzi 26 hivi za sentigredi, kwa hiyo ikishatoka katika jani hupotea hewani kwa urahisi. Majani yanayotwangwa mabichi hadi kulainika kabisa, yakaachwa kwa muda, kisha yakachemshwa katika chungu kilicho wazi mahali penye hewa, hupoteza karibu sumu yote. Mashine ya kusagia kisamvu hufanya kazi ile ile, mradi majani yaingizwe yakiwa mabichi. Hatari huja mpangilio unapogeuzwa. Wako wapishi wanaochemsha majani mazima kwanza ili yawe rahisi kutwanga. Joto huharibu kimeng'enya, lakini linamarini yenyewe hustahimili maji yanayochemka. Anayefanya hivyo huokolewa na jambo moja tu, nalo ni kwamba linamarini huyeyuka katika maji. Hivyo hana budi kuyamwaga maji hayo, pamoja na sehemu kubwa ya vitamini C.

Tahadhari hii si ya kinadharia. Mwaka 1985 watu wa Tarime walipatwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu yote miwili bila kupona, kutokana na kula muhogo mchungu ambao haukutayarishwa vya kutosha. Sumu ile ilitoka katika mizizi, si katika majani, lakini ni sumu ile ile. Mwili huipunguza makali kwa kutumia salfa inayopatikana katika protini, na protini ya kisamvu ina upungufu wa salfa. Ndiyo maana dagaa ni mwenzi mwema wa kisamvu kuliko nazi peke yake.

Shule yenye bustani inaweza kuchunguza kanuni ya uchumaji kwa kutumia miti mitatu ya umri mmoja. Wa kwanza uchumwe majani yote, wa pili nusu, na wa tatu vilele tu, kila baada ya majuma mawili. Wanafunzi wapime kila mara uzito wa mavuno na kuhesabu machipukizi mapya. Inafaa kazi hiyo ianze mvua zinapokwisha, kwa kuwa wakati wa masika hata mti ulionyang'anywa majani yote huonekana mzima.