Nilichofunzwa na Nyuzi Zilizokatika

Nimezaliwa katika pamba. Kwetu ni Bariadi, na kabla sijajua kusoma nilikuwa tayari najua kuvuna: unaingiza vidole kwenye tumba lililopasuka, unachomoa pamba yote kwa mkupuo mmoja, na unazikwepa ncha kavu zinazochanja ngozi. Kila msimu lori lilikuja, likapakia, likaondoka. Sikuwahi kujiuliza linakwenda wapi hadi nilipotimiza miaka 22. Siku hiyo nilikuwa nimesimama ndani ya kiwanda kimoja cha nguo Dar es Salaam, ovaroli imenizidi mwili, nasubiri kufundishwa kuendesha mashine.

Nilidhani kuendesha mashine ni kubonyeza kitufe cha kijani. Miaka 11 imepita, na sasa mimi ndiye ninayefundisha. Kitufe cha kijani nakifundisha kwa dakika moja. Kazi iko kwenye haya mengine.

1. Mikono kwanza, mashine baadaye

Wiki tatu za mwanzo hatukugusa mashine inayotembea. Aliyetufundisha tulimwita Mzee, naye alikuwa amejifunzia Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Alimpa kila mmoja wetu koni ya uzi na mkasi, akasema, "Fungeni fundo."

Nikafunga. Akalitazama, akacheka. "Hili ni la kufungia mbuzi, mwanangu. Na mbuzi hapiti kwenye kitana."

Fundo la mfumaji ni dogo, bapa, na halifyatuki ukilivuta. Lazima liwe hivyo, kwa kuwa uzi wa mtande, yaani ule unaokwenda kwa urefu wa kitambaa, hupenya kwenye tundu la waya na kati ya meno ya kitana cha chuma kabla haujawa kitambaa. Fundo nene hukwama hapo, likakata uzi wake na wa jirani yake. Nililifunga kwenye daladala, nikalifunga kitandani, hadi vidole vikaacha kuniuliza. Siku ya mtihani Mzee alituambia tufumbe macho.

Kwenye usokotaji mambo ni hayo hayo. Pia moja ya kusokotea huzunguka zaidi ya mara 15,000 kwa dakika, na uzi ukikatika unatakiwa uunge wewe mwenyewe kwa mkono, huku pia za jirani zikiendelea kuzunguka. Unaishika pia yako isimame, unautafuta mwisho wa uzi, unaupitisha kwenye kipete kidogo kinachotembea juu ya pete, kisha unausogeza kwenye rola za mbele pamba inapotokea. Mwenye papara huunga mara tano asifanikiwe. Aliyezoea ukimwangalia utadhani anapangusa vumbi tu.

2. Usawa wa uzi hutokana na wengi

Kuna hatua moja iliyonishangaza kuliko zote. Pamba ikishachanwa hutoka kama utepe laini, mnene kama kidole gumba, unaojikunja ndani ya pipa refu. Tepe sita au nane za namna hiyo huingizwa kwa pamoja kwenye mashine ya kuvuta, na mbele hutoka utepe mmoja tu, wenye unene ule ule wa mmoja ulioingia. Nikamuuliza Mzee, sasa tumepata faida gani?

Akanieleza kwamba kila utepe una mahali pembamba na mahali panene. Zikiungana nane na kuvutwa, wembamba wa huu hufunikwa na unene wa ule. Baada ya hapo nilielewa pia hesabu za uzi. Uzi namba 20 maana yake ratili moja ina mafungu 20 ya yadi 840, jumla yadi 16,800, zaidi ya kilomita 15. Namba ikipanda, uzi unakuwa mwembamba zaidi. Mwendeshaji asiyejua hesabu hii hupewa koni ya namba 30 aichanganye na za namba 20, asitambue, na kitambaa kikatoka na mistari ambayo hakuna rangi itakayoifuta.

3. Uzi una njaa na kiu

Kabla ya kufumwa, nyuzi za mtande hupakwa uji wa wanga na kukaushwa. Uji huo huulaza unyoya wa uzi na kuupa nguvu ya kustahimili kusuguliwa maelfu ya mara. Ukipungua, uzi hufumuka. Ukizidi, unakuwa mkavu na kukatika kama tambi mbichi.

Kiu nayo ipo. Uzi wa pamba huwa imara zaidi ukiwa na unyevu, ndiyo maana banda la kufumia hunyunyiziwa mvuke hadi hewa ikawa nzito kama ya Dar mwezi wa Machi. Siku moja nilifungua mlango wa nyuma ili tupate upepo. Wenzangu walinishukuru kwa muda mfupi sana. Kabla ya nusu saa nyuzi zilikuwa zinakatika mstari mzima, na supavaiza anatafuta ni nani aliyeufungua.

4. Usikimbilie taa

Kila mashine ya kufuma ina taa. Uzi ukikatika, kibati chembamba kilichoning'inizwa juu yake huanguka, kinagusa fito yenye umeme, mashine inasimama na taa inawaka. Nilikabidhiwa mashine nane. Mzee alinipangia njia ya kuzunguka: mbele ya hizi nne, nyuma ya zile nne, kisha unarudi, kila mara ukitazama kitambaa na kupapasa mtande, taa ziwake zisiwake.

Miezi michache baadaye nilijiona nimekomaa. Nikaiacha njia ya Mzee, nikawa nasimama katikati na kusubiri taa. Ikiwaka, nakimbia, nafunga fundo, narudi. Uzalishaji wangu ukapanda, jina langu likaandikwa ubaoni.

Siku moja ya zamu ya usiku mashine ya sita haikuwasha taa hata mara moja. Nikaisifu moyoni. Kumbe manyoya ya pamba yalikuwa yamejazana kwenye vibati. Uzi mmoja ulikatika, kibati kikashindwa kuanguka, na mashine ikaendelea kufuma. Mashine ile hutoa kama robo mita kwa dakika. Nilipokuja kuitazama, saa mbili zilikuwa zimepita. Mita 30 za kitambaa zilikuwa na ufa mwembamba unaokimbia toka mwanzo hadi mwisho. Hizo ni kama doti tisa za kanga ambazo hakuna mama atakayezivaa.

Taa humwambia mwendeshaji kilichokwisha kuharibika. Njia ya kuzunguka ndiyo inayomkutanisha na kinachotaka kuharibika. Na kusafisha vibati mwanzoni mwa zamu, kazi niliyoiona ya kufagia tu, ndiko kunakoipa taa uwezo wa kusema kweli.

5. Kosa likifichwa husafiri

Nilichofanya baadaye ndicho kinachoniaibisha zaidi. Niliunga uzi, nikawasha mashine, nikanyamaza. Nilitakiwa kufunga uzi mwekundu pembeni mwa kitambaa pale kosa lilipoanza na pale lilipoishia, ili wakaguzi walikate. Sikufunga. Nilikuwa nailinda namba yangu ubaoni.

Kitambaa kikapelekwa kupaushwa, kikapigwa rangi, kikachapwa maua. Ufa ukaonekana wakati tayari kimeshakula maji, dawa, umeme na jasho la watu wa idara tatu. Walipofuatilia namba ya mashine na zamu, wakanifikia. Mzee hakufoka. Aliniuliza, "Uliiona?" Nikasema ndiyo. "Basi ungeisimamisha. Mashine ikisimama tunapoteza dakika. Wewe ukinyamaza tunapoteza yote."

Kitambaa kile kiliuzwa kwa kilo, kama mabaki. Nilinunua kipande.

6. Kiwanda hula kifua na masikio polepole

Hakuna aliyenieleza hili wiki ya kwanza, na kwa hilo nalalamika hadi leo. Kelele za banda la kufumia huvuka desibeli 90, ilhali kuanzia 85 kwa saa nane masikio huanza kuumia. Tulikuwa tunaongea kwa midomo na vidole: viwili juu maana yake mshindio, uzi unaokingama, umeisha, kiganja shingoni maana yake simamisha. Tuliona ni mchezo mzuri. Nilishtuka siku niliyokwenda nyumbani likizo, mama akaniita mara tatu kutoka jikoni nisisikie.

Vumbi nalo lina desturi yake. Wanaofungua marobota na kuchana pamba hulalamika kifua kubana siku ya kwanza baada ya mapumziko, hasa Jumatatu, kisha Jumanne wanapata nafuu. Mtu hudhani ni uchovu wa Jumapili. Huo ni mwanzo wa ugonjwa wa mapafu uitwao bisinosisi, na anayeupuuza kwa miaka mingi hupoteza pumzi zisizorudi. Leo mwanagenzi wangu akija Jumatatu anahema, nampeleka kwa daktari kabla sijampa mashine. Vizibo vya masikio na barakoa nawagawia siku ile ile ya ovaroli, na asiyevaa haingii.

7. Kosa la kiwandani laweza kuwa limezaliwa shambani

Mwaka wangu wa nne nilihamishiwa ukaguzi. Kitambaa cha buluu kilikuwa na vidoadoa vyeupe visivyoshika rangi. Nilichomoa kimoja kwa sindano. Hakikuwa pamba, kilikuwa uzi wa plastiki, unang'aa.

Niliutambua papo hapo. Ni uzi wa mfuko wa salfeti. Utotoni tulivunia humo, mama, dada zangu na mimi, kwa kuwa ilikuwa rahisi kupata na haikuchanika upesi. Nyuzi zake zilipochomoka zilichanganyika na pamba mbegu, zikapita ginneri, zikasokotwa, zikafumwa. Plastiki hiyo haishiki rangi ya pamba, hivyo hujificha safari nzima hadi kwenye pipa la rangi.

Niliporudi Bariadi nilimchukulia mama kipande cha kitambaa kile. Alikigeuzageuza, akasema, "Kumbe tulikuwa tunawashonea doa mbali." Siku hizi anavunia kwenye mfuko wa kitambaa cha pamba, na jirani akija na salfeti anamwonyesha kipande. Nami nikifundisha, nawaanzishia wanagenzi shambani: pamba mbegu ni nini, pamba nyuzi ni nini, mchanga na maji vinavyoongezwa ili mzani upande vinafanya nini kwenye meno ya mashine. Anayejua uzi ulikotoka huutazama kwa jicho jingine.

8. Ujuzi usio na karatasi humwacha mtu njia panda

Kulikuwa na dada mmoja kwenye usokotaji aliyefanya kazi miaka 19. Angeweza kukwambia kwa mlio tu kwamba mkanda wa pia umelegea. Kiwanda kilipopunguza watu, naye akapunguzwa. Alikokwenda kuomba kazi aliulizwa cheti. Hakuwa nacho, maana aliingia kwa kushikwa mkono na shangazi yake na kujifunza kwa kutazama. Aliishia kuuza vitumbua Manzese.

VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: mtu aliyejifunzia kazini anapimwa kwa vitendo, akifaulu anapewa cheti. Sikuujua wakati ule, naye hakuujua. Sasa kila anayemaliza mwaka mikononi mwangu namhimiza akaulizie. Vilevile nimekutana na upande wa pili, kijana mwenye cheti kizuri aliyeogopa kuugusa mtande. Huyo nilimrudisha kwenye koni na mkasi, wiki tatu.

Mzee alishastaafu. Kipande nilichokinunua kwa kilo bado ninacho, kimefifia, na ndicho ninachoanzia. Wanagenzi wapya hukizunguka, nawaambia watafute kosa. Wengi hulipata upesi, maana ufa unaonekana. Kisha nawauliza swali la pili: mwendeshaji alipaswa kufanya nini, na saa ngapi? Mmoja husema angeunga uzi. Mwingine husema angemwita fundi. Juzi binti mmoja kutoka Maswa, mgeni kabisa, alikaa kimya akikipapasa, halafu akauliza, "Dada, mwanzoni mwa zamu vibati alivisafisha?"

Nikamwambia hapana, hakuvisafisha. Nikampa koni na mkasi.